Sakafu ya Jikoni: Tuchague Ipi?

Mgeni akija nyumbani huketi sebuleni. Husifu makochi, husifu vitambaa, husifu na marumaru zinazong'aa hata unaona uso wako. Hakuna anayemwuliza mwenye nyumba, "Na jikoni chini umeweka nini?" Ndiyo maana pande zetu hizi za Arusha na miteremko ya Meru, kuanzia Ngaramtoni hadi Usa River, si ajabu kukuta nyumba nzuri ya matofali, sebule ina marumaru, vyumba vina sementi, lakini jiko limesimama peke yake uani na sakafu yake ni udongo uleule wa siku zote. Fedha ziliishia sebuleni, jiko likaambiwa lisubiri.

Mwezi huu tumeona vema tuzungumze na akina mama wenzetu juu ya sakafu hiyo inayosubirishwa. Tunasema na mama anayejenga sasa, na mama ambaye jiko lake ni la zamani na anataka kulitengeneza, na hata yule aliyehamia nyumba ya kupanga Sakina au Njiro akakuta marumaru ambazo hakuzichagua yeye. Kwa maoni yetu, sakafu ya jikoni isichaguliwe kwa macho ya mgeni. Ichaguliwe kwa miguu ya mama anayesimama pale tangu alfajiri, kwa maji yanayomwagika, kwa kaa la moto linalodondoka, na kwa magoti ya mtoto anayetambaa.

Tuanze na udongo

Wengi wetu tumelelewa juu ya sakafu ya udongo, wala hatuoni sababu ya kuidharau. Bibi zetu waliisiriba kwa udongo na samadi ya ng'ombe, wakaifagia asubuhi na jioni, ikawa ngumu na tulivu chini ya mguu. Kwa baridi ya huku kwetu, udongo hauna ukali wa sementi. Ila udongo hauoshwi. Maji yaliyooshea nyama, uji wa mtoto uliomwagika, kinyesi cha kuku aliyelala chini ya meza na vifaranga wake, vyote hunyonywa na kubaki palepale. Mayai ya minyoo hudumu katika udongo wenye unyevu. Funza wa miguuni, ambaye aliletwa Angola kutoka Brazili kwa meli mwaka 1872 na kisha akaenea barani hadi huku mashariki, hupenda sana vumbi la sakafu za namna hiyo. Na samadi, pamoja na sifa zake zote, yaweza kubeba vijidudu vya pepopunda. Hilo ni jambo la kufikiriwa katika nyumba yenye kichanga ambaye kitovu chake hakijapona.

Pengine utauliza, je, kubadili sakafu tu kunaleta tofauti kubwa kiasi gani? Huko Meksiko, katika jimbo la Coahuila, serikali ilianza mwaka 2000 mpango wa kufunika kwa sementi sakafu za udongo za watu maskini, hadi mita za mraba 50 kwa nyumba. Magari yalileta zege mpaka mlangoni, na wenye nyumba wakalisambaza wenyewe. Mwaka 2005 wataalamu walizilinganisha familia hizo na nyingine za miji jirani, ng'ambo ya mpaka wa jimbo, ambazo hazikuwa zimepata mpango huo. Matokeo yalichapishwa 2009. Nyumba ikiondolewa udongo wote, vimelea vya tumboni kwa watoto wadogo vilipungua kwa asilimia 78, kuhara kwa asilimia 49, na upungufu wa damu kwa asilimia 81. Watoto walifanya vizuri zaidi katika vipimo vya lugha na ufahamu. Na akina mama je? Dalili za huzuni na kukata tamaa zilipungua kwa zaidi ya nusu.

Hatusemi kwamba hesabu za Meksiko zitajirudia vilevile Akeri au Sing'isi. Lakini lile la mwisho lilitugusa kuliko yote. Mama anayefagia vumbi lisilokwisha huchoka mwili, na moyo nao huchoka. Kwa hiyo kama jikoni kwako bado ni udongo, usisumbuke kwanza na swali la marumaru gani. Sementi ya kawaida iliyomwagwa vizuri ni hatua kubwa kuliko hatua yoyote itakayofuata.

Kilicho chini ya sakafu

Fundi wengi hupenda kuzungumza juu ya kile kitakachoonekana. Mama, wewe uliza kwanza kile kitakachofukiwa. Sakafu hupasuka kwa sababu ya chini, na ikishapasuka hakuna rangi wala marumaru itakayoificha kwa muda mrefu.

Udongo wa juu, wenye mizizi na mboji, uondolewe wote. Penye udongo mweusi wa mfinyanzi, ule unaojaa maji wakati wa masika na kufanya nyufa wakati wa kiangazi, uchimbwe zaidi, maana huinuka na kushuka pamoja na majira. Kisha huja moramu au mawe, vishindiliwe sawasawa. Juu yake iwekwe nailoni nzito ya kuzuia unyevu usipande. Mwenye nyumba anayeiacha nailoni kwa kubana matumizi ataiona chumvi nyeupe ikichomoza juu ya sakafu yake kila mvua za Aprili. Halafu zege la unene wa sentimeta 10 hivi, kwa kipimo cha ndoo moja ya sementi, mbili za mchanga na nne za kokoto. Jiko la mita 3 kwa 4 litakula mifuko isiyopungua minane ya kilo 50 kwa zege hilo peke yake. Fundi akikuambia mifuko mitatu inatosha kila kitu, mshukuru na umtafute mwingine.

Hapa tuseme neno moja juu ya moramu. Aprili 2013 machimbo ya moramu ya Moshono, hapa hapa Arusha, yaliporomoka na kuua watu zaidi ya kumi waliokuwa kazini. Lori likifika na kumwaga mzigo uani, ni rahisi kusahau kwamba kuna kijana aliyesimama chini ya ukuta wa udongo na koleo ili sisi tupate pa kusimama na sufuria.

Mchanga nao uangaliwe, maana mwingi wa huku una vumbi la mlima ndani yake. Njia ya kuupima ni rahisi. Chukua chupa safi inayoonyesha, weka mchanga hadi nusu, jaza maji, tikisa sana, kisha uiache itulie hadi kesho yake. Matope yatakaa juu ya mchanga kama utando. Utando ukiwa mwembamba, mchanga ni mzuri. Ukiwa mnene kama kidole, mchanga huo uoshwe au urudishwe, kwani sakafu yake itakuwa ya kutoa unga kila unapofagia.

Niru

Juu ya zege ndipo huwekwa tabaka la sementi na mchanga, sentimeta 3 hivi, na hatimaye niru. Kwa jiko letu lile la mita 3 kwa 4, tabaka hilo litahitaji kama mifuko mitatu kwa kipimo cha moja kwa nne. Akina mama wengi huiona niru kuwa ni sakafu ya muda, ya kungojea marumaru. Sisi hatukubaliani nao. Niru iliyopigwa na fundi mwenye mkono haipasuki sufuria ikianguka, haiungui kaa likidondoka, hupigwa deki kwa dakika tano, na haina mifereji ya kukusanya mafuta. Kwa mama anayepikia mkaa au kuni, hatujui sakafu nyingine inayomfaa zaidi kwa fedha hizo.

Ukitaka rangi, ichanganywe ndani ya ile niru yenyewe ingali mbichi. Ni unga wa rangi ya sementi unaouzwa madukani, na nyekundu ndiyo iliyozoeleka kwetu. Huficha tope la viatu vyekundu vya watoto watokao shule. Rangi ya mafuta ya kupaka juu ya sementi iliyokwisha kukauka haifai jikoni, kwani itabanduka pale unaposimama sana, yaani mbele ya jiko na mbele ya karai la vyombo, na sakafu itaonekana kama ina ugonjwa wa ngozi.

Mwambie fundi asiipige niru iwe kama kioo. Niru laini mno ikipata maji ya sabuni huteleza vibaya. Baada ya mwiko, apitishe brashi laini ili iwe na mkwaruzo kidogo. Tena ainamishe sakafu kidogo kuelekea mlango wa nje, kama sentimeta 1 kwa kila mita, ili maji yaende yenyewe badala ya wewe kuyafukuza kwa fagio. Jambo hili la mwinamo halina gharama yoyote likisemwa mapema, na halirekebishiki likisahauliwa.

Sakafu ikishamalizwa, inywe maji siku saba. Ifunikwe kwa magunia yaliyoloweshwa, au hata majani ya migomba, na kumwagiwa asubuhi na jioni. Watu huogopa maji juu ya sementi mpya, wakati maji ndiyo yanayoifanya iwe ngumu. Jua la Januari na Februari likiikausha upesi, huwa dhaifu na yenye nyufa ndogondogo kama utando wa buibui.

Marumaru

Sasa tuje kwenye marumaru, ambazo twajua wengi mlikuwa mkizingoja. Tangu mwishoni mwa miaka ya 2010, viwanda vikubwa vya marumaru vilipoanza kazi Mkuranga na Chalinze mkoani Pwani, zimekuwa karibu zaidi na mfuko wa mtu wa kawaida, na madukani mjini mtu huchanganyikiwa kwa wingi wa maua na michoro.

Uzuri wake ni wa kweli. Mafuta hayaingii ndani, harufu haibaki, na kitambaa kimoja husafisha kila kitu. Lakini yako mambo matatu.

La kwanza ni kuteleza. Marumaru zinazong'aa zilitengenezwa kwa ajili ya sebule na kuta. Zikilowa, mama mjamzito aliyebeba sufuria ya maji ya moto yuko hatarini, na mtoto anayekimbilia chakula yuko hatarini zaidi. Kandambili zilizolika soli huongeza hatari hiyo. Jikoni chagua zisizong'aa, zenye mkwaruzo. Baadhi ya maboksi huandikwa herufi R na namba. R9 ni ya kuteleza kuliko zinazofuata, na kwa jikoni R10 inafaa. Kama boksi halikuandikwa, omba maji dukani, mwaga kidogo juu ya moja, na upitishe soli ya kiatu chako. Muuzaji akikunja uso, mwache akunje.

La pili ni baridi. Mwezi wa sita na wa saba, usiku wa Arusha huweza kushuka hadi nyuzi 12 au chini yake, na huko juu Ilboru na Nkoaranga ni zaidi. Marumaru hupokea baridi hiyo na kuishika hadi saa nne asubuhi. Anayeamka saa kumi na moja kuchemsha chai anajua tunachosema. Weka kipande cha jamvi au mkeka mnene mahali unaposimama kukata mboga, mbali na moto, na uwe na viatu vya jikoni. Anayeweka marumaru zake Dar es Salaam huzifurahia ubaridi. Sisi twaishi chini ya mlima.

La tatu ni kupasuka. Mchi wa kinu, jiwe la kusagia, mtungi wa gesi wa kilo 15 ambao ukijaa hufikia karibu kilo 30, vyote huanguka siku moja. Marumaru hupasuka hasa pale ambapo chini yake pana uwazi. Fundi anayeweka mabonge matano ya sementi nyuma ya marumaru na kuibandika amekuachia mapango matupu chini. Sementi au gundi isambazwe kote. Kabla hujamlipa fedha ya mwisho, pita na sarafu ukigonga moja moja. Inayolia kama debe tupu itolewe na kubandikwa upya.

Za poseleni hunyonya maji kidogo sana, chini ya nusu ya asilimia, na hustahimili zaidi kuliko za kawaida, ingawa bei yake iko juu na fundi huzilalamikia kwa ugumu wa kuzikata. Kuhusu idadi, za sentimeta 40 kwa 40 huingia 75 katika jiko letu la mfano. Nunua 83, yaani ongeza moja kwa kila kumi, na zile zitakazobaki zihifadhi chini ya kitanda. Baada ya miaka mitatu hutaupata tena mchoro uleule. Na ile sementi ya kujazia katikati ya marumaru, chagua ya kijivu. Nyeupe jikoni hubaki nyeupe kwa mwezi mmoja, baadaye dada wa kazi hulaumiwa kwa kosa la aliyechagua.

Kapeti la plastiki na mengineyo

Kapeti la plastiki la kukata kwa mita lapendwa na wapangaji, na twaelewa kwa nini: hulalia juu ya sementi yoyote, lina joto kidogo mguuni, na siku ya kuhama hukunjwa. Kwa mwenye jiko la gesi juu ya meza, lafaa. Kwa mwenye jiko la mkaa sakafuni, hapana. Plastiki hiyo huanza kulainika kwenye joto la takriban nyuzi 80, ambalo sufuria ya ugali iliyoepuliwa hulipita kwa mbali. Kaa moja huitoboa, na ikiungua hutoa moshi mkali unaokaba koo. Hata lililo zima liinuliwe kila juma, maana maji hupenya pembeni na kuoza kule chini bila mtu kuona.

Mbao ni nzuri chumbani. Jikoni, kwa maji yetu na mchwa wetu, hapana. Terazo, ile ya vijiwe vilivyosagwa kwa mashine unayoiona kwenye korido za hospitali na ofisi za zamani, hudumu kuliko mwenye nyumba, lakini huhitaji mashine na fundi anayeijua kazi, na hao wamepungua.

Kwa wanaofikiria kuacha kuni, Mei 2024 serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, wenye lengo la kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Jiko likihama kutoka banda la uani kuingia ndani ya nyumba, na moto ukipanda kutoka sakafuni hadi mezani, sababu nyingi tulizozitaja za kuogopa makaa zitaondoka. Kuteleza na baridi zitabaki. Kama una nia hiyo, wekeni sementi nzuri sasa na muache uso wake na mkwaruzo, ili siku ya marumaru fundi asilazimike kuutindua.

Fedha na mazungumzo

Nyumba nyingi mambo ya ujenzi huamuliwa na baba na fundi, wamesimama uani, mama yuko jikoni akiwapikia chai. Mwombe baba watoto akuhesabu katika mazungumzo hayo. Si kwa ugomvi. Mweleze tu ni saa ngapi kwa siku unasimama pale, na ni mara ngapi mtoto ametibiwa tumbo mwaka huu, na gharama yake. Wanaume wengi hawajawahi kuifanya hesabu hiyo, na wakiifanya hubadilika. Ikibidi kuchagua, marumaru za sebule zipungue ubora ili zege la jikoni litimie.

Mwenye kikundi cha upatu, hifadhi fedha, usihifadhi sementi. Mfuko mmoja kila mwezi ukirundikwa stoo, kwa unyevu wa masika yetu, wa kwanza utakuwa jiwe kabla hujafikia wa nane. Sementi itumike ndani ya miezi mitatu, na hata kwa muda huo iwekwe juu ya mbao, isiguse ukuta wala chini.

Usafishaji usikuchoshe. Sabuni na maji ya moto hutosha. Zile asidi za kusafishia choo hula sementi na kuacha sakafu ina mashimo. Na ile nta tuliyofundishwa zamani, ya mishumaa iliyoyeyushwa katika mafuta ya taa, iacheni kabisa jikoni. Inateleza, tena inashika moto.

Mwisho, kabla fundi hajaja, panga mtakakopikia kwa juma zima. Toeni jiko dogo na kuni chini ya kibaraza, hamisheni kinu, wafungieni mbuzi na mbwa. Juu ya sementi mbichi pasikanyagwe kwa siku mbili. Na kuku wahesabiwe jioni kabla mlango haujafungwa, maana ziko nyumba nyingi tu huku Meru ambazo hadi leo zina nyayo za kuku kutoka mlangoni moja kwa moja hadi penye jiko.